Kufuga matumbawe na kamba sebuleni, kwenye joto la pwani: mwongozo kamili

Miongozo mingi ya matangi ya matumbawe imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu yote huanza na hita. Hita yangu mimi iko kabatini tangu siku niliyoinunua. Sebuleni kwangu Dar es Salaam, saa nane mchana mwezi Februari, kipimajoto husoma nyuzi 32, na matumbawe yanataka maji ya nyuzi 25 hadi 27. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye shida zetu wenyewe: joto, umeme unaokatika, na maji ya kuongeza yasiyoaminika. Ukiyamudu hayo matatu, kazi inayobaki ni ya kawaida, ila inataka subira.

Nitafuata tangi moja la kiasi, la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, la matumbawe laini na viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo: kamba, konokono, kaa. Samaki nitawataja kwa nadra. Wao wana wasemaji wengi.

Mmjue mnyama kwanza

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama, au kundi la wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja akiwa na mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wa chembe moja ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumlipa mwenyeji wao kodi ya chakula. Ndiyo maana taa ya tangi ni chakula kabla ya kuwa pambo. Maji yakipita kiasi cha joto, mwani hao hutoka, tumbawe linapauka, na lisipowapata tena linakufa njaa. Mwaka 1998, joto la El Niño liliyapausha matumbawe sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, Mafia na pwani ya Kenya zikiwemo. Yaliyotokea kule baharini yanaweza kutokea kwenye tangi lako mchana mmoja tu, ukiwa kazini.

Usiende kuokota

Najua kishawishi: maji yakipwa bamvua, matumbawe yako pale pale, bure. Acha. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu tangu 1975, Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na hata nje ya hifadhi huwezi kung'oa matumbawe hai bila kibali. Matumbawe magumu yote, pamoja na yale makombe makubwa ya Tridacna, yamo pia kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila karatasi. Njia safi ni kupata vipande vilivyokatwa kutoka tangi la mfugaji mwingine, au kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha vibali vyake. Kipande kilichozaliwa kwenye tangi pia kina faida yake: kimeshazoea maisha ya ndani.

Tangi na mahali pake

Vipimo nilivyotaja vinabeba lita 182. Lita moja ya maji ni kilo moja na kidogo, kioo cha milimita 10 kwa tangi hilo ni karibu kilo 40, ongeza mawe na mchanga: unaweka zaidi ya kilo 230 juu ya meza. Meza ya televisheni haifai. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma, aipake rangi tabaka mbili hadi tatu, maana chumvi hula chuma kama mchwa. Mwambie fundi wa vioo atumie silikoni isiyo na dawa ya kuvu, aiache ikauke wiki nzima, kisha ujaze maji ya bomba na kuliacha tangi uani siku mbili. Likivuja, livujie huko.

Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua. Waya zote zilegee chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji linaloteleza kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Weka na swichi ya RCD, ile inayokata umeme wenyewe ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na mkono wako utakuwa ndani yake kila wiki.

Kupoza

Acha tangi wazi juu, funika kwa wavu tu ili viumbe wasiruke. Feni mbili ndogo za kompyuta zikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hadi tatu kwa njia ya uvukizi, kama maji ya mtungi wa udongo yanavyopoa. Kuna mipaka: wakati wa masika hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, feni huwa kama inapuliza bure. Kwa bahati nzuri, siku hizo huwa na joto pungufu kidogo kuliko Februari.

Hila ya pili haigharimu senti: washa taa saa kumi jioni na uzizime saa sita usiku. Taa huongeza joto, na hakuna sababu ya kuliongeza saa ambazo jua tayari linachoma mabati. Matumbawe hayajui saa ya ukutani, yanachotaka ni mpangilio usiobadilika. Zaidi ya hapo utapata tangi lililochangamka saa unazokuwa nyumbani.

Ukiwa na fedha, nunua mashine ya kupoza maji. Ila mashine hiyo hutoa joto mgongoni, na ukiifungia kwenye kabati la chini ya tangi itakuwa inapigana na yenyewe. Mimi nimeishi na feni miaka yote, na kwa matumbawe laini zimenitosha, mradi maji yasipite nyuzi 28 kwa muda mrefu. Mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko nyuzi moja ya ziada, hivyo usitupe chupa ya barafu kwenye tangi kwa hofu. Ukilazimika, itumbukize kwa dakika chache, itoe, pima tena.

Maji: hapa ndipo matangi mengi hufia

Unahitaji maji ya aina mbili na usiyachanganye kichwani. Ya kwanza ni maji ya chumvi ya kujazia na kubadilishia. Ya pili ni maji yasiyo na chumvi kabisa, ya kufidia yaliyovukizwa. Chumvi haivukizwi. Feni zangu hukausha lita nne hivi kwa siku, na tangi likishawekwa mawe hubaki na maji kama lita 150. Ukisahau siku tatu, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 38 kwa elfu. Ukikumbuka na kujaza maji ya chumvi, umeharibu zaidi. Swichi ya boya na ndoo ya akiba yenye pampu ndogo zitakufanyia kazi hii wenyewe, na ndicho kifaa cha kwanza ningenunua baada ya feni.

Maji hayo ya kufidia yatoke wapi? Ya bomba yana klorini, na mara nyingine fosfeti na shaba kutoka kwenye mabomba. Ya kisima pwani mara nyingi yana chumvi na naitreti. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati hubeba zinki. Wengi huniuliza kuhusu maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, kwa kuwa yanaonekana safi kama machozi: hapana, yametiririka juu ya mabomba ya shaba, na shaba huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo ambacho samaki hata hawakihisi. Nunua mashine ndogo ya RO, ile inayochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, yenye hatua ya mwisho ya resini, au nunua maji hayo kwa mwenye mashine, na uwe na kipimo cha mfukoni cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini. Kisome sifuri au karibu yake.

Kwa maji ya chumvi, njia ya uhakika ni chumvi maalumu ya akwaria, takribani gramu 38 kwa lita. Kwa tangi letu ni karibu kilo sita kwa kuanzia. Changanya kwenye ndoo yenye pampu usiku kucha, kamwe usichanganyie ndani ya tangi lenye viumbe. Pima kwa rifraktomita: 35 kwa elfu, au uzito wa 1.026 ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi.

Chumvi ya mezani haifai, hata ile ya mashamba ya chumvi ya pwani inayouzwa kwa gunia. Maji ya bahari yanapokaushwa, kalsiamu hutangulia kuganda kama jasi, chumvi ya kula hufuata, na magnesi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachonunua ni katikati tu ya bahari, na matumbawe yanahitaji ncha zote mbili.

Aliye karibu na pwani anaweza kuchota bahari yenyewe, na mimi hufanya hivyo miezi ya kiangazi. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa chombo, nje ya fungu, mbali na mito na mitaro ya jiji. Tumia madumu ambayo hayajawahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni. Chuja kwa kitambaa kizito, pima chumvi, na uyaweke gizani yakizungushwa na pampu. Masika usichote: mito hushusha tope na maji yasiyo na chumvi, na utaleta nyumbani kile ambacho jiji zima limekitupa.

Mawe, na mwezi wa kutazama tangi tupu

Mawe ndiyo nyumba ya bakteria na ndiyo chujio lako kubwa. Mawe makavu ya matumbawe ya kale kutoka machimboni yanafaa, kilo moja hivi kwa kila lita kumi, ukichagua yale mepesi yenye vitundu vingi. Dondoshea siki: likichemka povu, ni la chokaa. Yaloweke wiki tatu kwenye ndoo huku ukibadilisha maji, kwa sababu mawe ya nchi kavu yanaweza kuvuja fosfeti. Yapange yakigusana kwa pointi chache, yenye mapango na njia za maji, na uyaweke juu ya kioo kabla ya mchanga ili kiumbe mchimbaji asije akayaangusha.

Sasa tia kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa kidole gumba, ndani ya soksi nyembamba. Kinapooza kinatoa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Safari hii huchukua wiki nne hadi sita, na huwezi kuiona kwa macho, nunua vipimo. Amonia ikipanda na kurudi sifuri, naitraiti ikafuata njia hiyo hiyo, tangi liko hai. Katikati utaona vumbi la kahawia juu ya kila kitu, halafu nyuzi za kijani. Usisugue kwa hasira wala kumwaga dawa. Ni hatua.

Mwanga na mkondo

Taa za LED za bluu na nyeupe zilizotengenezwa kwa matumbawe, saa nane kwa siku. Anza kwa nguvu ya theluthi moja na upandishe kidogo kila wiki, kwani tumbawe linaloungua kwa mwanga hufanana na linalokosa mwanga, na mgeni huongeza pale alipopaswa kupunguza. Mkondo uwe wa kuyumba, si bomba linalopuliza sehemu moja: pampu za mawimbi zinazosukuma kwa saa mara 15 hadi 20 ya ujazo wa tangi. Polipu, wale wanyama wadogo wanaounda tumbawe, zicheze kama nyasi kwenye upepo mdogo. Zikilala upande mmoja tu, geuza pampu.

Tumbawe la kwanza

Anza na yale ya kusamehe. Discosoma, yanayofanana na uyoga bapa, hukaa chini kwenye mwanga mdogo. Sarcophyton, lile kama ngozi nene lenye manyoya, hujifunga siku kadhaa na kuvua utando kisha hufunguka tena. Usilitoe ukidhani limekufa. Xenia hupiga polipu zake kama mioyo na huenea kama magugu, kwa hiyo lipe jiwe lake peke yake. Acropora na ndugu zake wagumu wasubiri mwaka, na pengine wasubiri mashine ya kupoza maji.

Kuhusu zoanthidi, wale vifungo vidogo vya rangi za kupendeza, nitasema kwa ukali. Baadhi yao, hasa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, sumu iliyotambuliwa kwenye matumbawe ya Hawaii mwaka 1971 na ni miongoni mwa kali kabisa za asili. Vaa glavu na miwani kila unapowashika, usiwaguse ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lenye viumbe hawa, maana mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitalini. Maji yakikurukia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali ukiwaambia jina la sumu. Penye watoto wadogo, mimi ningewaacha kabisa.

Kila kipande kipya kikague kwa tochi, kichovye kwenye dawa ya iodini ya matumbawe iliyochanganywa na maji ya tangi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ukiweke chini, mwanga hafifu. Kihamishe juu polepole kwa wiki mbili. Acha sentimita 15 kati ya jirani na jirani: usiku baadhi ya matumbawe hurefusha minyiri yenye sumu na kumchoma aliye karibu, na asubuhi utashangaa nani kampiga nani.

Kamba, konokono na kaa

Konokono ndio wa kwanza kuingia, wiki ya sita au ya saba, mwani ukiwepo wa kula. Wanane wanatosha. Trochus ni bora kuliko Turbo kwa sababu moja ndogo: akianguka chali hujigeuza, wakati Turbo mara nyingi hufa hapo alipolala usipomsaidia. Ongeza Nassarius wachache, wanaolala mchangani na kufufuka wote kwa pamoja harufu ya chakula ikipita.

Kaa wanaoazima makombe ni wachangamfu, ila ni majambazi wadogo. Wasipopata kombe la saizi yao humuua konokono na kuhamia kwake. Waachie makombe matupu ya saizi tofauti, mawili kwa kila kaa, nao watatulia.

Kamba waingie mwezi wa tatu tangu tangi lianze. Lysmata amboinensis, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, anaishi kwenye bahari yetu pia na huwasafisha samaki midomo. Hana uvumilivu na mabadiliko ya chumvi. Mzoeshe kwa matone: mweke na maji yake kwenye bakuli, vuta maji ya tangi kwa mrija mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, kwa dakika 45 hadi saa moja. Halafu mhamishe yeye, maji ya mfuko mwaga. Baada ya wiki chache utamkuta amelala kwenye mchanga, mweupe, mtupu. Mimi nilimtoa, nikamhuzunikia, na jioni nikamkuta mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe: alikuwa amejivua gamba tu. Liache gamba tangini.

Mpenzi wangu mimi lakini ni Alpheus, kamba mwenye kucha moja kubwa inayolia kama kidole kilichoalishwa. Haoni vizuri. Huchimba shimo na kuishi humo na samaki mdogo wa jamii ya goby, ambaye hukaa mlangoni kama mlinzi. Kamba akitoka kubeba mchanga huweka kipapasio chake kimoja juu ya mwili wa samaki. Samaki akitikisa mkia, wote wawili wanatoweka. Tangi lenye jozi hii tu na mawe machache lingenitosha.

Usinunue viti vya pweza vya rangi, hata kama muuzaji anaapa. Linckia hufa njaa taratibu kwa miezi kwenye matangi madogo, na kile chenye vinundu vyekundu, Protoreaster lincki, hula matumbawe na sifongo. Anemoni nazo zingoje tangi lifikishe mwaka.

Dawa ya mbu

Kamba wanne walikufa kwangu usiku mmoja na vipimo vyote vya maji vilikuwa safi. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kwamba jioni ile nilipuliza dawa ya mbu ya kopo, kama kila nyumba ya Dar inavyofanya. Dawa hizo nyingi ni za jamii ya pairethroidi, na kamba na mdudu ni ndugu: kinachomuua mmoja humuua mwingine. Pampu ya hewa huivuta chumbani na kuisukuma majini. Chumba cha tangi kiwe na nyavu madirishani, na usipulize humo kitu: wala dawa, wala manukato, wala ile ya kusafishia vioo. Osha mikono na viwiko kwa maji matupu kabla ya kuingiza. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hili hata siku moja.

Umeme ukikatika

Matumbawe huvumilia giza siku moja au mbili. Hewa haingoji. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na pampu zikisimama kamba ndio huanza kupanda juu ya mawe kutafuta uso wa maji. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, na betri za akiba. Mwenye inveta aunganishe pampu moja ya mawimbi na feni, taa aziache. Usilishe mpaka umeme urudi.

Kazi za kila wiki

Badilisha asilimia kumi ya maji, lita 15, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Pima naitreti (miligramu 2 hadi 10 kwa lita ni sawa, sifuri kabisa huyadhoofisha matumbawe), fosfeti chini ya 0.1, na alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, kati ya 8 na 9 kwa kipimo chake cha dKH. Kalsiamu ikae 400 hadi 450 na magnesi karibu 1300. Kwa matumbawe laini, maji mapya ya kila wiki hukidhi yote haya.

Alkalini ikishuka, gramu tatu za soda ya kuokea, ile bikabonati tupu, katika lita 100 huipandisha kwa dKH moja. Iyeyushe kwanza, mimina polepole, usipandishe zaidi ya moja kwa siku. Baking powder siyo hiyo, na magadi ya sokoni yana mambo mengine ndani yake. Chokaa ya ujenzi vilevile iache kwa wajenzi.

Kukata na kugawa

Baada ya mwaka Sarcophyton litakuwa limelifunika jirani. Vaa glavu na miwani, litoe kwenye bakuli la maji ya tangi, kata kichwa kwa wembe mpya kwa mkato mmoja, suuza kwenye bakuli la pili. Nyama laini haishiki gundi vizuri kwa sababu ya ute, kwa hiyo ifunge kwa kipande cha wavu au uzi juu ya jiwe dogo na uiweke penye mkondo hafifu. Siku kumi hadi kumi na nne itakuwa imejishika. Shina lililobaki litaota kichwa kipya. Maji ya bakuli mwaga chooni, usiyarudishe tangini, na badilisha mkaa wa chujio, ule unaonyonya sumu majini, siku hiyo hiyo, maana tumbawe lililokatwa hutema sumu kwa jirani zake.